Orvana Isiyokuwa na Kosa

"Orvana ya kijivu. Inaingia getini sasa hivi. Usiiache itoke."

Sauti ya Mjomba ilimpenya Sindano kupitia kifaa kidogo kilichojificha sikioni. Mjomba hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa mkuu wa idara isiyo na kibao mlangoni, na hakuwa na desturi ya kurudia amri.

Sindano, aliyejifanya mkaguzi katika kituo cha ukaguzi wa magari, alifuta grisi mikononi. Kwapani, ndani ya ovaroli ya ukaguzi, bastola ya Glock ilitulia. Mkanda wake ulibeba kisanduku cheusi cha kuziba mawimbi ya simu.

Tatizo lilikuwa moja tu.

Foleni nzima ilikuwa ya Orvana za kijivu.

Gari hilo hununuliwa mtumba na kila mtu, na kila mtu hulilalamikia. Springi za nyuma ndizo huchoka kwanza, gari likakaa kitako kama mbwa. Zikifuata bolijointi za chini zinazoshika magurudumu ya mbele, ujue breki ya mkono nayo imeshakata tamaa. Taa ya kushoto huingia ukungu. Wakaguzi wenzake waliandika "imefeli" hata kabla injini haijazimwa, na wenye magari hawakununa. Ndivyo watu wa pale walivyozoea: unaleta gari lilivyo, unaambiwa lina nini, unakwenda kutengeneza hicho hicho, basi. Kutengeneza kabla hujafeli ni kunywa dawa ya ugonjwa ambao daktari hajauona.

Ndipo ikaingia ile.

Breki zilishika sawasawa pande zote. Breki ya mkono iling'ata. Taa zote mbili zilikuwa safi. Sindano alitikisa gurudumu la mbele kwa nguvu zake zote, bolijointi haikucheza hata chembe.

"Huyu mwenye gari ana akili timamu kweli?" mkaguzi wa njia ya jirani alicheka. "Chema chajiuza bwana, lakini si Orvana!"

Sindano hakucheka. Kuna mtu alikuwa amesoma matokeo ya ukaguzi wa Orvana, akashika makosa yote yanayojulikana na kuyaondoa moja moja, kama mwanafunzi anayekariri majibu. Mtu huyo hakuwa wa pale. Wa pale angeleta gari bovu na kusubiri kuambiwa.

Aliinama nyuma. Springi mpya, nene, za kubebea mizigo. Buti tupu. Kwa springi kama zile, gari tupu lingebinua kiuno juu. Hili lilikuwa limelala sawa kabisa.

Kwa hiyo halikuwa tupu.

"Mjomba. Nimeipata. Njia ya pili."

"Vizuri. Inakwenda bohari ya mafuta. Bila stika ya ukaguzi ya leo, walinzi wa kule hawaifungulii. Bomu lake likilipuka mle ndani, mtaa mzima umekwisha. Msindikizaji ana miwani myeusi, simu yake ndiyo kiwashio. Dereva si muhimu."

"Nimekupata."

Mlango wa dereva ukafunguka.

Sindano aliinua macho.

Alikuwa mdogo wake. Kitinda mimba wa mama yao, yule ambaye Sindano alimbeba mgongoni mama alipokuwa kazini, akamfundisha kufunga kamba za viatu na kumtetea shuleni.

"Dada? Wewe si unafanya kazi kampuni ya bima?"

"Bima ndio wamenileta huku." Alijikaza kisabuni. "Gari la nani?"

"La tajiri wangu. Mimi nalipeleka tu."

"Lina mzigo?"

"Halina kitu. Tupu kabisa."

Alikuwa anatokwa na jasho. Lakini siku ya ukaguzi nani hatokwi na jasho? Nyuma ya kioo cha chumba cha wateja, mtu mwenye miwani myeusi alikuwa ameketi, simu mkononi, hakutazama kingine ila Orvana.

Sindano aliogopa. Hakuliogopa bomu kama alivyoliogopa swali moja: je, mtoto huyu anajua? Kama hajui, leo hii atamrudisha kwa mama, atamgombeza njia nzima, yaishe. Kama anajua, hatatoka jela mpaka mvi zimjae kichwa.

"Sogeza gari juu ya shimo," alisema.

Aliposhuka ngazi za shimo la ukaguzi, alibonyeza kisanduku mkandani. Taa ndogo ikawaka. Sauti ya Mjomba ikakatika katikati ya neno. Simu zote za eneo lile zilikufa ganzi, na yeye akabaki peke yake.

Aliwasha kurunzi. Chini ya buti palikuwa na bamba la chuma lisilotoka kiwandani, nati zake zikimeremeta.

"Kuna bamba hapa!" alipaza sauti. "Nalifungua!"

Juu, kimya.

Alitia spana kwenye nati ya kwanza. Hakukusudia kuizungusha. Alitaka kusikia tu. Geti lilikuwa wazi, na kijana yule alikuwa na miguu myepesi tangu utoto. Kama anajua, atakimbia. Kama hajui, atasema fungua tu, dada.

Aliomba Mungu asikie neno hilo.

Mkono ulishuka ghafla shimoni na kumkamata kifundo cha mkono. Mdogo wake alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, macho yamemtoka pima.

"Dada, usifungue! Ukilegeza nati tu, inalipuka!"

Nyuma ya kioo, Miwani alisimama. Alibonyeza simu.

Akabonyeza tena.

Akaitazama kama imemtukana, akaitupa na kuchomoa bastola.

"Kichwa chini!"

Kioo kilipasuka. Risasi ilichubua ukuta juu ya shimo. Sindano alichomoka ngazini, Glock mbele, akafyatua mara mbili. Ya kwanza ilimpata Miwani begani, ya pili ikampata pajani. Kabla hajainuka, bastola yake ilikuwa imepigwa teke mbali na pingu zimeshamkaa mikononi.

Wakaguzi na wateja walikimbia ovyo kuelekea barabarani. Mdogo wake hakukimbia. Alikuwa ameketi, ameegemea ukuta.

"Waliniambia niliache tu bohari niondoke. Wakasema hapatakuwa na watu."

"Bohari mchana hapana watu? Na wewe ukaamini?"

"Nilitaka kuamini." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Dada, hakuna aliyesikia nilivyosema. Sema sikujua. Nakuomba. Mama hataliweza hili."

Sindano alimtazama. Alimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na wakati ule alitamani kumchapa makofi mpaka mkono umchoke. Kweli, hakuna aliyesikia. Neno moja lingetosha.

Akawafikiria wanaofanya kazi kule bohari. Nao wana mama zao.

Alizima kisanduku.

"Sindano! Sindano, jibu!"

"Niko hapa. Gari limezuiwa. Miwani amejeruhiwa, nimemfunga. Leteni wategua mabomu, bamba la chini lina mtego."

"Kazi safi. Na dereva? Alijua?"

Mdogo wake alikuwa anamtazama mdomoni.

"Alijua," alisema Sindano. "Alijua, na ndiye aliyenizuia nisifungue. Andika yote mawili."

Kijana alinyoosha mikono yake mwenyewe, akafungwa.

Watu wa idara walipofika, Sindano aliwakabidhi watuhumiwa wote wawili, akavua ovaroli na kuitundika mahali pake. Alitoka getini kwa mwendo wake wa siku zote, hakugeuka nyuma. Hakuna aliyemwona ambaye angedhani kuna lililomsibu.

Alipofika barabarani, alianza kutafuta maneno ya kumwambia mama.