Ndovu wa Mashoto

Soko la Voi siku ya Jumamosi halina adabu. Mtu anakukanyaga mguu, anakuuzia nyanya na kukuuliza habari za nyumbani, yote kwa pumzi moja. Siku hiyo Phoebe alikuwa ameketi kwenye meza yake karibu na wauza vitunguu, gauni la rangi ya haradali, kitambaa cha kitenge kichwani, na masikioni zikining'inia herini alizozitengeneza mwenyewe kwa vifuniko vya soda na nyuzi. Mezani alikuwa na sungura mwekundu wa kroshia aliyebakisha sikio moja. Alichomoa sindano kidogo amjibu mteja, na hapo ndipo sikio lilipoanza kupungua.

Alitazama asiamini. Sikio likaisha, kichwa nacho kikaanza kufuata. Uzi ulikuwa unakimbia kwenye meza, unapita katikati ya vitunguu, unazunguka gunia la maharagwe na kutokomea kwenye watu. Phoebe akanyakua kilichobaki cha sungura na kuufuata. Mbele yake akamwona kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu amebeba dirisha la chuma begani, na kwenye ncha ya dirisha lile, uzi mwekundu umenasa.

"Wewe kaka! Wewe wa dirisha! Simama!"

"Dirisha, simama!" wauza vitunguu wakamsaidia kupiga kelele, maana sokoni hakuna anayekosa kazi ya kumsaidia mwenzake kupiga kelele.

Yule kijana akageuka, na ukigeuka na dirisha begani sokoni unajitafutia makubwa. Kofia ya mzee mmoja ikaruka, mafungu mawili ya sukuma wiki yakaenda chini. Alipomaliza kuomba msamaha kila upande, akamkuta Phoebe amesimama mbele yake anahema.

"Nimefanya nini, dada?"

"Umeenda na sungura wangu."

Akajiangalia mikono, akaangalia chini. "Haki sijaona sungura yeyote."

"Utamwonaje, na umemmaliza?" Phoebe akamwinulia miguu miwili ya sufi, ndiyo iliyosalia.

Kijana alitaka kucheka, akajizuia, akashindwa. Alikuwa na kishimo shavuni, na ovaroli yake imejaa vitundu vidogo vya kuchomwa na cheche. Phoebe aliviona vyote hivyo, na mimi nasema aliviona haraka kuliko mtu aliyekasirika.

"Pole sana. Naitwa Hudson. Nachomelea vyuma kule Maungu. Nikulipe nini?"

"Sitaki kulipwa. Nataka sungura, na umtengeneze wewe mwenyewe. Darasa langu la wanaoanza ni leo mchana, chumba cha nyuma ya duka la mbegu."

"Mimi? Na mikono hii?"

"Hiyo hiyo."

Hudson akaanza kuukusanya ule uzi uliojifunga mafundo. Phoebe akamwambia autupe, huo umekufa. Yeye akausokota hivyo hivyo ulivyo, akautia mfukoni.

Mchana akaja. Wanawake wa darasa walimwangalia mwanamume yule akijikunja kwenye kiti kidogo, wakafinyana. Pauline, dada mdogo wa Phoebe aliyemsaidia kufundisha, akamnong'oneza, "Huyu amekuja kufuma au amekuja kukuangalia?"

"Nyamaza, umpe uzi."

Mambo ya darasa lile yalikuwa mepesi: vishada vya funguo, herini za vifuniko, sungura, na wale ndovu wadogo wa rangi ya udongo, wekundu kama wa Tsavo. Hata mtoto angeweza. Hudson hakuweza. Kila safu aliyofuma ilipinda upande usio wake, na kila wiki Phoebe alimfumulia yote aanze upya.

"Angalia mikono yangu," Phoebe alimwambia wiki moja, amechoka. "Unaingiza, unavuta, unaenda kushoto."

"Si ndivyo nafanya?"

"Wewe unaenda kulia." Kisha akaona mkono ulioshika sindano. "Wewe! Wewe ni mashoto!"

"Tangu nizaliwe."

"Na hukusema!"

"Hukuuliza, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Kumbe hakuwa akikosea hata kidogo. Kazi ya mashoto huzunguka kinyume, kama unavyojiona kwenye kioo, na Phoebe kwa wiki zote hizo alikuwa akifumua kazi nzuri. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Akavuta kiti, akakaa uso kwa uso naye ili mkono wake wa kulia uelekeane na wa kushoto wa Hudson, wakafuma hivyo magoti yakigusana. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyekalia kiti kile.

Simu nazo zikaanza.

"Bwana Cheche, umekula?"

"Nimekula moshi wa trela tu. Wewe mwalimu umeniwekea nini?"

"Nimekuwekea kazi ya nyumbani. Ndovu amefika wapi?"

"Nimemaliza mguu. Lakini najiuliza, hawa wamekula mahindi ya mama shambani, mwaka huu na mwaka jana, halafu mimi ndiye wa kuwatengenezea masikio?"

Phoebe alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa amempenda, na alijua. Hudson naye akikata simu alikuwa anabaki ameishika, anatabasamu peke yake kando ya barabara kuu, malori yakimpita.

Ila kulikuwa na jambo. Binamu yake Hudson alikuwa na karakana kubwa Athi River, mbali na Voi, na alimwita akafanye kazi huko. Jioni moja akamwambia Phoebe kwenye simu, sauti imepoa ghafla.

"Wananitaka mwisho wa mwezi. Nataka kujua kwanza kama nina sababu ya kubaki."

Phoebe alitaka kusema, mimi ndiyo sababu, baki. Badala yake akaingiza mzaha, ugonjwa wake wa siku zote. "Sababu gani tena? Si unao ndovu wa kufukuza shambani?"

"Ndiyo," Hudson akasema polepole. "Wako."

Sasa nikueleze desturi ya darasa, maana ndiyo iliyoleta balaa. Nyanya yake Phoebe wa kule Wundanyi, aliyemfundisha kusuka vikapu, alishika neno moja: kazi yako ya kwanza haikai kwako, unampa mtoto, ili mikono isiwe michoyo. Phoebe akaiweka sheria hiyo. Kila kitu cha kwanza cha mwanafunzi kiliachwa kwenye meza ndefu, Pauline akakitia gunia, na gunia likaenda kwa watoto wa chekechea moja huko Marungu.

Jumamosi iliyofuata Hudson alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Darasa lilikuwa limejaa, na Phoebe alikuwa ameinamia mafundo ya mama mmoja, anamhesabia.

"Mwalimu, nimekuachia kitu mezani. Ni chako. Kiangalie ukiwa peke yako, ukishike vizuri."

"Sawa, sawa. Tano, sita... Mama, hapa umeruka."

Mtu anayechomelea chasi ya lori bila kupepesa alishindwa kurudia sentensi hiyo. Akatoka nje na jasho lake. Pauline alipopita kwenye meza ndefu akamkuta ndovu mwekundu, sikio moja kubwa kuliko jingine. "Hatimaye Hudson kamaliza cha kwanza!" akasema kwa furaha, akamtia guniani.

Jioni simu ikalia.

"Umemwona ndovu?"

Phoebe hakuwa amemwona. Pauline ndiye aliyemsimulia. Lakini kijana wa watu alikuwa amejitahidi miezi yote, na Phoebe hakutaka kumvunja moyo. "Nimemwona! Mzuri, jamani!"

"Umemshika vizuri? Tumboni?"

"Nimemshika kote. Amejaa vizuri."

"Na umeamua nini?"

"Nimempeleka Marungu na wenzake. Mtoto fulani atafurahi sana."

"Umempeana," Hudson akasema.

"Si ndiyo desturi yetu?"

"Sawa, Phoebe. Nimeelewa. Asante." Hakusema mwalimu. Akakata.

Jumamosi iliyofuata kiti kikakaa kitupu. Phoebe alipiga simu, haikushikwa. Akatuma ujumbe: *Bwana Cheche, nimekukosea nini?* Tiki zikawa bluu, jibu halikuja. Alifuma mfuko wa simu akasahau kuuachia mdomo. Darasani akasema ana mafua, na hakuna aliyemwamini.

"Mfuate," Pauline akamwambia.

"Nimfuate kumwambia nini, na mimi sijui nilichofanya?"

Jibu lililetwa na mwalimu Wakesho wa ile chekechea. Alipiga asubuhi moja, nyuma yake watoto wanapiga kelele.

"Phoebe dada yangu, hawa ndovu wako unawatia nini? Mmoja ana mfupa tumboni. Watoto wanampigania kila mmoja ausikie."

"Mfupa? Mimi natia pamba tu."

"Basi njoo umguse. Tena huyu amefumwa kinyume."

Phoebe alisimama, kiti kikaanguka. Maneno ya ile simu yakamrudia moja moja: umemshika vizuri, tumboni, umeamua nini. Mungu wangu, alikuwa amejibu swali ambalo hakulisikia.

Alifika Marungu kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ndovu alikuwa kifuani mwa msichana mdogo aitwaye Kavinya, na Kavinya hakuwa mtu wa mchezo.

"Nipe nimwangalie kidogo, mama."

"Mwangalie kwa macho."

Phoebe akanyoosha kidole, akabonyeza tumbo. Ndani kulikuwa na kitu kigumu, cha duara, na katikati kina tundu. Machozi yakamlengalenga hapo hapo mbele ya chekechea nzima.

"Kavinya, nitakuletea ndovu mwingine. Huyu ana masikio mabaya."

"Mimi napenda haya." Mtoto akamkagua juu mpaka chini, macho yakatua masikioni. "Na hizo za soda."

Herini zikatoka bila mjadala, na ahadi ya ndovu mwingine juu yake. Phoebe akaomba asamehewe kuondoka mbio, na gari dogo la abiria, probox ya kwanza iliyokuwa ikielekea Maungu, ikambeba.

Alimkuta Hudson kwenye kibanda chake kando ya barabara kuu, anapakia vifaa kwenye lori. Kibao chake cha kazi kilikuwa kimeshashushwa. Madereva walikuwa wanakunywa chai hapo karibu, wakaacha vikombe walipomwona mwanamke mwenye vumbi anakuja mbio na ndovu.

"Unaenda bila kuniaga?"

Hudson hakuinua uso. "Ulishaniaga wewe."

"Sikumwona."

"Nani?"

"Huyu. Nilisema nimemwona, nilikudanganya. Pauline alimtia guniani na sikumgusa. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka ufurahi, na ni ujinga, na nisamehe. Nimemshika leo. Kote."

Hudson akamtazama. Akatazama masikio yake. "Herini zako ziko wapi?"

"Amebaki nazo bosi mmoja wa Marungu. Usinipotezee mada." Akamsukumia ndovu kifuani. "Mimi nimefumua kazi zako nyingi bila kosa lako. Huyu sitamgusa. Mfumue mwenyewe, na kilichomo ukiseme kwa mdomo. Safari hii nasikiliza."

"Hapa? Mbele ya watu hawa?"

"Sisi hatuoni kitu, fundi," dereva mmoja akasema, akisogeza kiti karibu.

Hudson alikaa kwenye tairi kuukuu. Mkono wa kushoto ukatafuta fundo la mwisho, likalegea, tumbo likafunguka. Haikutoka pamba. Ulitoka uzi mwekundu wenye mafundo, wa rangi ya sungura, ule wa sokoni, wote. Katikati yake kulikuwa na nati ya chuma kisichoshika kutu, imechongwa kwa tupa kona zote mpaka ikawa pete, inang'aa.

"Uliniambia umekufa, huu uzi," alisema. "Mimi nikauweka. Phoebe, nakupenda tangu siku uliyonifukuza sokoni. Sitaki kwenda Athi River. Nataka uniambie nibaki. Nataka unioe... aah, nikuoe!"

Madereva walicheka mpaka chai ikamwagika. Phoebe naye alicheka huku analia.

"Baki," akasema. "Nilitaka kulisema siku ile, nikaleta mzaha. Baki, Hudson. Ndiyo, unioe."

Akamvisha. Pete ikazunguka kidoleni mwake, kubwa, ikataka kutoka.

"Nilipima kwa macho," Hudson akasema kwa aibu.

"Bwana Cheche, hata ndovu ulimpima kwa macho."

Phoebe akakaa karibu naye kwenye lile tairi. Akachukua uzi mwekundu, akatafuta mwanzo wake, akaanza kuuzungusha kwenye pete taratibu kwa ndani, fundo baada ya fundo. Hudson akamshikia. Ilipomtosha, akakaza, akakata uzi kwa meno, akaunyoosha mkono kila mtu aone. Dereva wa lile lori, bila kuambiwa, akaanza kushusha vifaa.

"Lakini sungura wangu bado," Phoebe akasema.

"Nitamtengeneza. Una haraka?"

Phoebe akaegemeza kichwa begani mwake, kwenye ovaroli yenye vitundu.

"Hapana," akasema. "Sina."