Nusu Saa ya Fundi Saa

Sokoni watu walikuwa wamebanana, na fundi saa alitembea macho yamezama kwenye simu. Akakanyaga pindo la gauni la samawati la binti aliyekuwa mbele yake. Likachanika, chwaa!

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nisamehe, dada. Nacheza gemu. Nilivunjika mkono, vidole vikakakamaa. Daktari kaniambia nicheze nusu saa kila siku vilainike."

"Alikuambia uchezee juu ya gauni langu?"

Wakacheka. Binti alikuwa fundi cherehani. Pindo alilishona mwenyewe jioni ile, na namba za simu walikwishapeana.

Vidole vikapona kweli. Fundi akarudi kushika skrubu ndogo kama mbegu za mchicha, na mapenzi yakashika moto.

"Umekula, laazizi?"

"Bado. Nakusubiri unilishe."

"Mkono wenyewe wa kuungwa huu!"

Lakini dawa ikizidi huwa sumu. Nusu saa ikawa saa tatu. Na kwa kuwa simu zikiingia zilimkatia gemu, akaitega simu yake ikatae kila anayepiga mpaka amalize.

Mchana mmoja mama wa binti akaanguka bafuni. Walikuwa wakiishi wawili tu, ghorofa ya tatu, na fundi alikuwa na kigari chake mtaa wa pili. Binti akapiga. Ikakataa. Akapiga tena, mkono mmoja umekishika kichwa cha mama yake.

"Pokea, mpenzi. Pokea, kwa ajili ya Mungu!"

Mara kumi na moja. Mpaka walipopatikana majirani wa kumteremsha, saa nzima ilikuwa imepita. Mungu ni mkubwa, mama alinusurika. Ila mdomo ulipinda na mkono wa kulia ukapooza.

"Ulikuwa wapi?" binti akamuuliza mlangoni mwa wodi.

Angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Nilikuwa nacheza."

"Basi kacheze."

Siku tisa alisimama nje ya wodi, shati lile lile, ndevu zimemwota. Binti akipita humtazama kama ukuta. Ndani, mama aligoma kufanya mazoezi; mpira wa kuminya aliutupa chini.

"Vidole visipofanya kazi sasa, vitakakamaa moja kwa moja," muuguzi akasema.

Binti akalia mbele za watu. Kisha akatoka nje.

"Wewe. Vyako vilipona vipi?"

Fundi akaingia. Akafungua gemu lake la maputo, akaweka kitandani simu na saa ya mezani yenye kengele, akaitega nusu saa.

"Mama, hebu nipasulie maputo haya."

Puto la kwanza lilichukua dakika nzima. La tatu, mama akacheka kwa upande mmoja wa uso. Kengele ilipolia, akaing'ang'ania simu.

"Basi, Mama," fundi akasema, akiichukua taratibu. "Kinachofuata baada ya hapa nakijua mimi." Machozi yakamdondoka.

Binti akatoka, akafuata korido mpaka mwisho, akabonyeza ile namba mara ya kumi na mbili. Moyo ulimwenda mbio kama cherehani.

Haikufika mlio wa pili.

"Nipo," fundi akasema.

Binti alitaka kumtukana, akaghairi.

"Usikate," akasema.

"Sikati."