Paskazia na Samaki Waliomchukua Mumewe

Paskazia aliuza mboga mbele ya nyumba yake, Mkolani. Mumewe, Ndalahwa, alitunza samaki katika kituo kidogo cha utafiti kando ya ziwa. Samaki hao ni furu, wadogo kama kidole. Zamani walijaa ziwani. Sasa aina nyingi zimekwisha, na chache zilizobaki zilifugwa kituoni, ndani ya matangi.

Mwaka huo mradi wa kituo ulisimama na mshahara wa Ndalahwa ukakatika. Lakini hakuacha kwenda kazini. Alikwenda hata Jumapili, akarudi amechoka, hana maneno.

"Baba Kija, unakwenda kufanya nini mahali wasipokulipa?" Paskazia aliuliza.

"Kazi," alijibu, akatoka.

Jirani yao Rose aliguna. "Mwenzangu, mwanaume hafanyi kazi ya bure. Bosi wake ni nani pale?"

Paskazia alimjua. Aliitwa Kokulinda, mtafiti kutoka Bukoba, mrefu, mzuri, mwenye sauti ya upole. Tangu siku hiyo chakula hakikumshuka. Alinusa mashati ya mumewe. Yalinuka samaki tu, lakini wivu una pua yake.

Jumapili moja, baada ya misa, Ndalahwa aliaga tena. Paskazia akamfuata kwa bodaboda. Alifika kituoni, akausukuma mlango kwa kishindo.

Ndalahwa alikuwa ameshika ndoo. Kokulinda alikuwa amepiga magoti, gauni limelowa, viganja vina malengelenge. Umeme ulikuwa umekatwa. Pampu za hewa zilikuwa kimya. Ndani ya tangi moja, samaki walikuwa wakihema juu ya maji.

"Mnafanya nini humu?" Paskazia alifoka.

"Tunabadilisha maji, mama Kija," Kokulinda alijibu. "Tukichelewa, hawa watakufa."

"Na mshahara wa mume wangu umeula wewe?"

"Hata wangu haupo. Fedha zilitoka ng'ambo. Huko serikali imeanguka, ikaja nyingine, nayo ikaanguka. Bunge lao halijapitisha bajeti. Wanasiasa wakivutana, utafiti hukatwa mapema, maana faida yake haionekani kesho."

"Sasa ugomvi wao unatuhusu nini sisi?"

"Tulitegemea mfuko mmoja tu. Ujenzi wa barabara ukisimama, fedha zikirudi utaikuta palepale. Furu wa mwisho akifa, hakuna fedha ya kumrudisha. Na hawa hapa hula konokono wanaoeneza kichocho."

Paskazia aliujua ugonjwa huo. Binti yake Kija aliwahi kukojoa damu kwa sababu ya kichocho. Akamgeukia mumewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu. Mwanaume mzima nabeba maji ya samaki bila malipo. Ungenicheka."

"Afadhali ningekucheka kuliko nilivyolia."

Alimtazama tena Kokulinda. Wivu ulikuwa haujaisha. Akawaza: samaki wakihamia Mkolani, mume naye atabaki Mkolani.

"Kikundi chetu cha akina mama kina mabwawa ya sato," alisema. "Moja ni tupu. Wapelekeni kule. Lakini mtunzaji niwe mimi."

Kokulinda alisimama, akajifuta mikono. "Nitakufundisha. Wasichanganywe na sato, na kila aina ikae peke yake. Tumwombe kwanza ruhusa afisa uvuvi."

Ruhusa ilipatikana. Aina moja ilihamia bwawani Mkolani. Nyingine ilipelekwa shuleni Usagara, na wanafunzi wakaitunza. Akina mama waliiomba halmashauri isaidie, ikatenga fungu la kulipia umeme wa kituo. Pampu zikawaka tena. Wafadhili walikuwa hawajarudi, lakini furu hawakuwa tena chini ya mfuko mmoja wala paa moja.

Asubuhi moja Paskazia alimpigia simu Kokulinda. "Dada, mmoja hali chakula. Mdomo umevimba!"

Kokulinda alicheka kwa furaha. "Huyo ni mama! Amebeba watoto mdomoni. Furu huwalea hivyo. Msimsumbue kabisa."

Ndalahwa aliposikia, alikuja mbio, akainama kando ya bwawa ili aone.

Paskazia alimvuta shati. "Rudi nyuma, baba Kija," alisema. "Hawa ni wangu."