Giza la Jioni

Kila siku akitoka shule, Leonida aliwarudisha mbuzi wa bibi yake zizini. Waliishi Baray, kwenye mashamba ya vitunguu, ambako fisi hawakai mbali na watu.

Jioni moja mbuzi mmoja akakatiza juu ya kaburi la babu. Mbuzi hawana adabu hata kwa marehemu. Leonida akamfukuza, na yeye mwenyewe akaliruka kaburi lile. Siku chache baadaye mambo yakaanza. Jua likizama tu, macho yake yaliingia giza, hali wenzake bado wanaona vizuri. Alipapasa kuta na kujikwaa kwenye madebe ya maji. Akaamini kwamba babu amemfunika macho. Aliogopa sana, wala hakumwambia mtu.

Hatimaye jioni moja akaanguka shimoni akirudisha mbuzi, asijue nyumbani ni upande gani. Fisi akalia karibu.

"Babu, nisamehe," Leonida aliomba huku akilia.

Bibi aliifuata sauti hiyo. "Unaongea na nani?"

"Na babu. Amenifunika macho."

Bibi alimvuta kutoka shimoni. Akamshika mkono mpaka nyumbani. Asubuhi wakaenda zahanati.

Muuguzi Emilian alimpima macho, kisha akauliza wanakula nini nyumbani. Ni ugali na mboga kavu, bibi akasema, anazozianika juu ya bati mpaka zinavunjika zenyewe. Mayai na maziwa huuzwa.

"Jua kali linaharibu vitamini A, mama. Anikeni kivulini," Emilian alisema. "Vitamini hiyo hutunzwa kwenye ini, kama mahindi ghalani. Wataalamu wana panya wa majaribio ambao maini yao hayawezi kuitunza. Wakiikosa kwenye chakula muda mfupi tu, macho yanaharibika. Ini la Leonida ni zima, ila ghala ni tupu. Tutalijaza."

Akampa dawa, akawaagiza wale maini, mayai, maboga na mboga mbichi. Haukupita muda mrefu, Leonida akaanza kuona tena jioni.

Siku hiyo bibi aliketi karibu naye.

"Dada yangu Paskalina alipatwa na giza kama lako. Yeye hakuficha, alitwambia mapema. Tukasema ni wafu, tukachinja kondoo, tukangoja. Akapofuka kabisa."

Bibi akamgeukia.

"Ukiumwa, mjukuu wangu, sema siku hiyohiyo. Na mtoto akija kukwambia wewe, mpeleke zahanati kwanza. Paskalina hakupofushwa na wafu. Tulimpofusha sisi."