Foleni Aliyoiacha Baba

Kengele ya mapumziko ilipolia, Spana alikuwa wa kwanza kutoka darasani. Hakukimbilia kucheza. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba lililokuwa nyuma ya ofisi ya walimu, akasimama kando yake, mkono mmoja juu ya koki. Jina la Spana alipewa na wenzake kwa sababu baba yake alikuwa fundi bomba, na ndiye aliyelifunga bomba lile. Baba alifariki mwaka uliopita. Tangu hapo Spana ndiye kiranja wa maji, na kazi hiyo hakuifanyia mzaha.

"Benchi la kwanza!" aliita. "La pili mkae tayari. Acheni kusukumana!"

Kanuni ya kunywa benchi kwa benchi, kuanzia benchi la mbele darasani, aliiweka baba yake, baada ya mtoto mmoja kung'oka jino katika purukushani za kugombea maji. Kila Spana alipoita mabenchi, aliona kama baba bado yupo pale, amechuchumaa na begi lake la vifaa.

Mwisho wa foleni, kama kawaida, walisimama watoto wa wahamiaji. Wazazi wao walivuka mpaka miaka mingi iliyopita. Rangi yao ilitofautiana kidogo na ya wenyeji, na tofauti hiyo ndogo ilitosha kuwafanya waitwe wageni, hata wale waliozaliwa papo hapo mjini. Mmoja wao alikuwa Twiga, msichana mrefu mwenye mbio kuliko wote, rafiki mkubwa wa Spana.

"Spana, shoga yangu, nipitishe leo tu," Twiga aliomba. "Nikichelewa tena darasani, mwalimu wa michezo ananitoa kwenye timu."

"Kanuni ni ya baba, Twiga. Nikikupitisha wewe, wengine watasemaje?"

"Wageni wamezoea kungoja!" alidakia Redio, mvulana asiyeishiwa maneno. "Ngozi zao ngumu, hawasikii kiu!"

Watu wakaangua kicheko. Spana naye alicheka kidogo, kisha akaona haya, akajifanya anakaza koki.

Kengele ililia kabla Twiga hajafika bombani. Alikunywa harakaharaka, akaingia darasani amechelewa. Mchana ule akaondolewa kwenye timu ya mbio. Hakulia. Ila wakati wa kwenda nyumbani hakumngoja Spana getini, akaenda zake na wengine.

Kesho yake mwalimu wa maarifa ya jamii aliwaambia wasukume mabenchi ukutani, wakae chini kwa duara.

"Leo tunazungumza habari za uhamiaji na ubaguzi," alisema, akiinua kipande cha chaki. "Mwenye chaki ndiye mwenye maneno. Wengine wote ni masikio. Haya, aliyechelewa baada ya mapumziko wiki hii asimame."

Wakasimama. Redio alikuwa na utani mdomoni, akaumeza. Waliosimama wote walikuwa watoto wa wahamiaji.

"Ni wavivu hawa?" Mwalimu aliuliza, akampa Redio chaki.

"Hapana, Mwalimu. Twiga anatuacha wote kwa mbio. Wanachelewa kwa sababu... wako mwisho wa foleni."

"Kwa nini wako mwisho?"

Chaki ikahama. Kwa sababu wanakaa mabenchi ya nyuma, alisema mmoja. Mabenchi yanagawiwa kwa kufuata siku ya kuandikishwa, aliongeza mwingine. Hatimaye chaki ikamfikia Twiga.

"Sisi huandikishwa mwisho," alisema polepole. "Kila mwaka mama anasota ofisi ya uhamiaji akifuatilia kibali. Bila kibali shule haitupokei. Na mimi nimezaliwa hapa." Akamtazama Redio. "Kuhusu ngozi, kiu naisikia kama wewe."

Redio akainamisha kichwa.

"Sasa nani mbaya hapa?" Mwalimu aliuliza. "Aliyegawa mabenchi? Aliyepanga foleni?"

Macho yote yakamgeukia Spana. Akasimama bila chaki. "Baba yangu hakuwa mbaguzi!" alisema, akatoka nje mbio.

Jioni mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, huku akikunja nguo.

"Mwanangu, bomba la mtu likivuja, baba yako alikuwa anafanyaje?"

"Anakata maji, anafungua koki, anatoa mpira wa ndani uliochakaa, anatia mwingine."

"Alikuwa anamtukana aliyelifunga?"

Spana alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hapana. Mabomba mengine alikuwa ameyafunga mwenyewe."

"Basi. Mpira ulikuwa mzima siku alipoutia. Kanuni yake nayo iliokoa meno ya watoto. Lakini kama leo inawanyima wengine maji, yeye angekuwa wa kwanza kuifungua." Mama akaweka mkono juu ya shati la marehemu. "Unadhani unamlinda baba. Unalinda mpira tu."

Asubuhi Spana aliomba chaki mbele ya darasa zima.

"Foleni ibaki, ila tupokezane. Leo ianzie nyuma, kesho mbele," alisema. "Na Twiga, nisamehe. Nilicheka pamoja na wengine."

"Na mimi ndiye niliyewachekesha," Redio akasema kwa sauti ya chini. "Samahani."

Mwalimu alilipeleka suala hilo kwa walimu wenzake. Mabenchi yakagawiwa upya kwa kura, na Twiga akarudishwa kwenye timu.

"Habari za vibali zina wakubwa wake, na tutaendelea kuwaambia," Mwalimu alilieleza darasa. "Mabenchi ni yetu. Kumbukeni hili, wanangu: ubaguzi si matusi peke yake. Ubaguzi unaweza kukaa ndani ya utaratibu ambao kila mmoja anauona wa haki, mpaka mtazame ni nani anayebaki mwisho kila siku. Mkimwona, msiishie kumhurumia. Rekebisheni utaratibu."

Siku hiyo foleni ilianzia nyuma; Spana alimwachia Twiga koki, naye akawa wa mwisho. Jua lilimchoma utosini, koo likamkauka. Kengele ikalia angali mbali na bomba, na watoto wakaanza kutawanyika. Twiga hakuondoka. Alibaki amesimama pale aliposimama Spana siku zote, mkono juu ya koki.

"Njoo unywe, fundi," alisema. "Nakungoja."

Wakachelewa wote wawili.