Kizibo cha Kijani

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, asubuhi, kabla chai haijachemka.

Chiriku alikuwa ameshafagia uani na kubandika birika. Akachukua ndoo kwenda kumwagilia nyanya nyuma ya nyumba, akamkuta baba yake amechuchumaa katikati ya matuta, kisu mkononi. Baba hakumsemesha. Hilo halikuwa geni. Tangu mama afariki, maneno ya baba yalikuwa machache kuliko vijiko vya jikoni: chumvi iko wapi, funga mlango, zima taa. Lakini kimya cha asubuhi ile kilikuwa cha namna nyingine. Baba alichuma nyanya moja, akaipasua, akamnyooshea aione.

Kwa nje ilikuwa nyanya. Ndani ilikuwa hewa tu, hata mbegu haikuwamo.

Akapasua nyingine, ikawa vilevile. Nyingine ilikuwa imechongoka mwishoni kama mdomo wa birika. Na majani ya juu, ambayo wao walidhani yana kiu, yalikuwa membamba na yamejikunja kama vidole vya mtu anayesikia baridi.

"Wametumaliza," baba alisema.

"Nani, baba?"

"Wa ofisini, nani mwingine? Wanatuletea madude yao, wakishayatua wanapanda pikipiki, hao! Sisi tunabaki na vumbi."

Chiriku aliinamisha macho kwenye ndoo. Kuna jambo alilijua, na baba hakulijua.

Huyo wa ofisini alikuwa bwana shamba, kijana mwembamba aliyehamishiwa pale muda si mrefu. Mwanzo wa msimu aliwakusanya wakulima kwenye ghala la ushirika, akawaeleza habari za homoni za mimea.

"Mmea nao una namna yake ya kujiambia mambo," alisema. "Homoni ndiyo inayouambia: hapa toa mzizi, hapa refuka, hapa shika tunda. Joto likizidi au baridi ikizidi, ua halipati habari, linaanguka. Dawa hii inalipelekea habari hiyo. Ukilipulizia, linashika tunda."

Akachota dawa kutoka kwenye dumu kubwa, akaigawa katika vichupa vyenye vizibo vya kijani. "Kizibo kimoja hiki kwa ndoo moja kubwa ya maji. Pulizieni maua tu, majani msiyaguse." Alitaka kuendelea, lakini mwenyekiti wa ushirika alikuwa ameshatazama saa yake, na mwenyekiti akitazama saa mkutano umekwisha. Vichupa vilitoka bila karatasi, bila herufi hata moja. Ofisi ilisema karatasi za maelezo zinakuja. Labda zilikuwa zinakuja kwa miguu.

Baba aliumwa mgongo, hakufika mkutanoni wala hakuweza kuinama juu ya ndoo. Kwa hiyo Chiriku ndiye aliyeichukua dawa na kuichanganya, na baba akapulizia. Kila mara baba alimuuliza neno moja, "Umepima?" naye akajibu, "Nimepima."

Hakuwa amedanganya. Alipima kweli. Ila hakupima kwa kizibo cha kijani.

Baada ya mazishi, baba alivifungasha vitu vyote vya mama, akampa shangazi avipeleke mbali. Nguo, viatu, hata kitana. Alisema hawezi kuvitazama. Chiriku aliwahi kuficha kimoja tu: chupa ya mafuta ya nywele, imebaki robo. Kila jioni aliitoa chini ya godoro akanusa, na kwa kitambo kidogo nyumba ikawa na mtu wa tatu. Lakini kifuniko cha ile chupa kilikuwa kimepasuka, na harufu ya mama ilizidi kupungua. Siku moja alijaribu kizibo cha kijani. Kikaingia, kikazunguka, kikakaza kana kwamba vilizaliwa pamoja.

Chupa ya dawa akaiziba kwa mfuko wa plastiki alioukunja. Kupima akapimia kifuniko cha dumu la mafuta ya kupikia. Kizibo ni kizibo, alijiambia. Sasa, akiwa amesimama kwenye matuta, alikikumbuka kile kifuniko na kukiona kwa macho mengine. Kilikuwa kipana kama kisosi.

Shuleni habari zilifika kabla yake. Mwenzake wa dawati, ambaye watoto wote walimwita Domo, alimpokea mlangoni.

"Eti nyanya zenu zimekunja ngumi? Zinataka kupigana na nani?"

Darasa likacheka. Zamani Chiriku angemrudishia maneno matatu kabla hajafunga mdomo. Jina lake hilo alipewa na mama kwa sababu hiyo, kwamba alikuwa haishi kupiga kelele kama yule ndege. Siku ile alikaa, akafungua daftari, akatazama dirishani. Domo mwenyewe akaona aibu. "Natania tu, bwana," alisema polepole. Chiriku hakugeuka.

Wakati wa kurudi nyumbani alimwona bwana shamba amekaa kwenye jiwe kando ya pikipiki yake, anakula mkate mkavu. Watu walipita, wengine wakageuza nyuso. Habari za nyanya tupu zilikuwa zimeshazunguka, na hakuna aliyetaka kuonekana anazungumza naye. Alipomwona Chiriku alipunga mkono. Mkono wa Chiriku ulikuwa mzito, haukuinuka. Akaujua ule ulaji, wa kutafuna huku unatazama chini ili usione kwamba uko peke yako. Ndivyo walivyokula yeye na baba.

"Kesho kuna mkutano ghalani," baba alimwambia walipokuwa wakimenya viazi. Hayo yalikuwa maneno mengi kwa baba. "Namsimamisha yule kijana mbele ya watu. Mwenyekiti kasema ikithibitika alitupa dawa mbovu, anafungasha virago."

"Baba, na kama siyo dawa?"

"Kama siyo dawa ni nini? Si wewe uliyepima?"

"Nilipima."

"Basi."

Chiriku aliendelea kumenya mpaka kiazi kikabaki kama gololi. Angesema, lakini angesema vipi habari ya kizibo bila kuitoa chupa? Na baba akiiona chupa ataifanya nini? Vitu vingine vyote aliviondoa kwa siku moja, bila kumuuliza mtu.

Kesho yake alikwenda mkutanoni na mkoba wake wa shule, akasimama mlangoni mwa ghala. Baba alisimama katikati. Alikuwa amevaa shati lake la kutokea, kifungo kimoja hakipo. Mama ndiye aliyekuwa akivishona.

"Mimi shule sikufika mbali," alisema, "lakini nyanya naijua. Majirani wote zao ziko sawa, zangu tupu. Huyu alinipa mabaki ya mwisho ya dumu. Sisi wadogo ndio tunajaribiwa vitu. Mkubwa gani aliyewahi kula nyanya yenye upepo?"

Watu wakaguna wakikubali. Bwana shamba aliomba aione chupa. Aliigeuza, akanusa, akautazama ule mfuko uliokunjwa mdomoni.

"Mzee, kizibo chake kiko wapi?"

"Kizibo gani? Hukunipa."

"Vyote nilivitoa na vizibo vya kijani. Ndiyo kipimo chenyewe."

"Unaniita mwongo?"

"Sikuiti mwongo, mzee wangu. Nauliza tu."

"Kijana," mwenyekiti aliingilia, tayari anatazama saa, "jibu shutuma. Kama huna jibu, mimi naandika kwa wakubwa leo hii."

Bwana shamba alitazama huku na huku akitafuta hata uso mmoja wa kumtetea. Uso huo haukuwepo. Akainamisha kichwa, na Chiriku akauona tena ule utafunaji wa mkate.

Miguu ilimtangulia. Alijikuta katikati ya ghala, mkono ndani ya mkoba.

"Kizibo ninacho mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Kizibo ninacho mimi, baba. Niliziba mafuta ya mama."

Akaitoa chupa. Kizibo cha kijani kiliwaka juu yake, kila mtu akakiona. Hakuna aliyecheka. Hata mwenyekiti aliisahau saa.

"Nikapimia cha dumu la mafuta," Chiriku aliendelea, machozi yanashuka. "Kile kipana. Wewe uliniuliza nimepima, nikasema nimepima. Dawa haina kosa. Yeye hana kosa. Usiitupe chupa hii, baba."

Baba alisimama kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akaichukua chupa mkononi mwa mtoto. Akakifungua kizibo. Akanusa. Alikaa hivyo, chupa puani, macho yamefumbwa, mbele ya ghala zima, na wanawake wawili waliokaa mbele wakatazama pembeni ili wasimwone.

"Mkutano nimeufuta mimi niliyeuomba," alisema hatimaye. Akamgeukia bwana shamba. "Kijana, nimekuchafua mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi."

Jioni ile bwana shamba alikuja shambani kwao. Alishika shina moja, akawaonyesha.

"Homoni mmea unaitengeneza wenyewe, kidogo mno. Sisi tunaongeza tone tu. Mkizidisha ni kama watu kumi wanakupigia kelele sikioni kwa pamoja: mmea haujui usikie lipi. Ganda linakimbilia kukua, ndani kunaachwa. Hizi zilizoharibika ziondoeni. Lakini tazama huku chini, machipukizi haya ni mazima. Yaacheni, mwagilieni, msiyape dawa tena mpaka yatoe maua."

"Na tukiyapa?" baba aliuliza.

"Kwa kizibo. Na uvae glavu, mzee. Na mtoto asishike dawa, hata kwa kupima."

"Hapo kosa ni langu," baba alisema. "Nilimwachia mtoto kazi ya mtu mzima, kisha nikaridhika na neno moja."

Mgeni alipoondoka, baba alikaa kizingitini na gunzi la mahindi na kisu. Alichonga, akapima mdomoni mwa chupa ya mafuta, akachonga tena, mpaka gunzi likaingia na kukaza. Akakirudisha kizibo cha kijani kwenye chupa ya dawa. Ile ya mafuta hakuirudisha chini ya godoro. Aliiweka juu ya rafu, karibu na taa.

"Sikiliza, Chiriku," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu msiba. "Kipimo hakibadilishwi kwa kukisia. Ukikipoteza, sema umekipoteza. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo, kabla halijampata mtu mwingine. Ulichokifanya leo ghalani, mimi katika umri wako nisingekiweza. Na jambo la mama..." Akapangusa kisu kwenye suruali. "Ukimkumbuka, niambie. Usimkumbuke peke yako. Nami nitakuambia."

Machipukizi yalibeba. Hayakuwa mavuno ya kujivunia, ila zilikuwa nyanya zenye mbegu ndani, na Domo alipopewa moja aliing'ata mbele ya darasa, majimaji yakamchuruzika mpaka kwenye shati. "Hii haina ngumi," alisema. Chiriku akamjibu, "Ngumi nimekuwekea wewe," na darasa likacheka, naye akacheka.

Msimu uliofuata dumu lilirudi ghalani, na vichupa vikarudi vilevile, vitupu kwa nje, bila neno. Bwana shamba alisema ameomba karatasi mara nyingi, hajaletewa. Chiriku alikaa mlangoni na kalamu na gundi, akaandika kwenye vipande vya karatasi: kizibo kimoja cha kijani, ndoo moja kubwa, maua tu, vaa glavu. Wakulima wakapanga foleni mbele yake.

Baba alisimama tena katikati ya ghala, kichupa mkononi. Shati lake lilikuwa na vifungo vyote, kimoja kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Mwanangu alisema kosa lake hapa, mbele yenu," alisema, hakupandisha sauti. "Mimi nikasema langu. Sasa naiuliza ofisi: mtu anapewaje dawa ya kumaliza shamba zima bila hata neno moja la maandishi, mpaka mtoto wa shule ndiye anawaandikia?"

Mwenyekiti alitazama saa. Bwana shamba alitazama chini. Kalamu ya Chiriku ilisimama, naye akainua uso kusikiliza jibu.