Waya Chini ya Mkeka

Rahila alikuwa kwenye kanzu ya nne. Alinyunyiza maji mabegani, akaishusha pasi taratibu. Kila Alkhamisi majirani wa Malindi humletea kanzu zao za Ijumaa. Yeye huzipiga pasi, kisha huzifukiza udi.

Pembeni, birika la umeme lilichemsha maji ya kumwogeshea mama yake, Bi Ummkulthum. Pasi na birika vilichomekwa kwenye ekstensheni moja. Waya wake ulipita chini ya mkeka aliolalia mama. Bi Ummkulthum amepooza miguu. Hatembei, wala miguu haihisi kitu.

"We Rahila! Udi gani huo unaonuka mpira?"

"Udi wa siku hizi, mama. Si kama wa ujana wako."

"Ujana wangu hatukufukiza matairi."

Rahila akacheka. Mara ikasikika hodi. Alikuwa Riyama, fundi umeme wa ghorofa ya chini, amefuata kanzu ya mumewe.

"Shikamoo, Bi Ummkulthum."

"Marahaba, mwanangu."

Riyama alinusa hewa. Akazima swichi ya ukutani, akachomoa ekstensheni. Kisha akainua pembe ya mkeka. Upande wa chini ulikuwa na mstari mweusi wa kuungua. Kutoka hapo hadi mguuni mwa mama ilikuwa shubiri moja tu.

"Ya Rabi!" Rahila alishika kifua. "Nami nnasema ni udi!"

"Udi umeificha harufu ya waya," Riyama alijibu kwa upole. "Njoo tupime."

Alitoa kipimo kidogo mfukoni, akakichomeka ukutani, akaunganisha birika na kuliwasha. "Soma."

"Volti 230. Ampea 10."

"Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni kiasi cha umeme unaopita. Gawa volti kwa ampea, utapata ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyouzuia umeme."

Rahila aliandika kwenye karatasi. "Ishirini na tatu."

"Omu 23. Sasa zidisha volti kwa ampea, upate nguvu ya kifaa."

"Wati 2,300."

Pasi ilivuta ampea 5. Hii Rahila aliipigia hesabu mwenyewe: omu 46, wati 1,150.

"Mbona pasi omu nyingi, wati chache?"

"Inauzuia umeme zaidi, basi unapita kidogo. Na vyote viwili pamoja?"

"Ampea 15."

Riyama alimwonyesha maandishi kwenye ekstensheni: mwisho ampea 10. "Mzigo umeuzidi waya, ukapata moto. Na mkeka umeufunika, usipoe."

Bi Ummkulthum aliitazama miguu yake.

"Mie nsingejua, mpaka moto unifike kiunoni."

Rahila aliushika mkono wa mama yake.

Riyama alishuka kuleta vyombo vyake. Alianza kuvuta waya mnene kutoka kwenye sanduku la umeme, kwa ajili ya soketi mpya ya pasi.

"Hadi niimalize, kimoja kimoja, na ukutani moja kwa moja," aliagiza.

Rahila alichemsha maji, akachomoa birika, akamwogesha mama. Baadaye alichomeka pasi. Kila baada ya kanzu moja aligusa waya wake. Ulikuwa baridi.

Alasiri ikaingia. Waya mpya ulikuwa umefika mlangoni, na mahali pa soketi palikuwa na tundu tupu. Kwa kupokezana kimoja kimoja, kanzu tano zilibaki hazijapigwa pasi.

"Waambie wenyewe waje kesho asubuhi," alisema Riyama, akikusanya bisibisi zake. "Nami ntakuja mapema kuimaliza soketi."

Rahila alizikunja zile tano, akaziweka kitini, akaenda kumgeuza mama ubavu.